Natafuta mwalimu wa mbwa Tanga mjini: nimpeleke mbwa kambini au mwalimu aje nyumbani?

Mvuvi wa Nchi Kavu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Niko Sahare, Tanga mjini. Kaka yangu wa Arusha kaniletea mtoto wa German Shepherd, dume, miezi mitatu kasoro. Afya anayo, kula anakula, ila fujo zake sasa. Anarukia kila anayeingia, anang'ang'ania pindo za kanzu na madera, watoto wakikimbia naye yumo visiginoni mwao. Baiskeli ikipita anataka kuondoka nayo, na mnaijua Tanga kwa baiskeli. Kibaya zaidi, njia ya madrasa inapita mbele ya geti langu.

Nimepata walimu wawili. Wa kwanza yuko Dar, ana kambi. Anamchukua mbwa mwezi na nusu kwa laki sita, nusu natanguliza. Anasema atamrudisha amekamilika: anakaa kwa amri, anang'ata kwa amri, anaachia kwa amri. Wa pili ni kijana wa hapa hapa, anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki, elfu ishirini kila akija. Ila ana sharti. Anataka mke wangu, watoto na dada wa kazi wawepo, na mazoezi tufanye sisi, yeye aelekeze. Nikajiuliza, nimlipe mtu halafu kazi nifanye mwenyewe?

Lengo langu ni ulinzi, lakini sitaki kesi na majirani. Wenye uzoefu karibuni.

---

Kahawa Chungu

Mbwa wa Tanga umpeleke Dar mwezi na nusu? Atarudi hasalimii mtu huyo. Hapa kwetu mbwa kabla hajabweka anapiga hodi.

Nimekaa siti ya mbele, wajuzi waje.

---

Afande Mstaafu

Mdogo wangu Mvuvi, nimestaafu Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi, kwa hiyo hapa nazungumza kazi niliyoila.

Huyo wa Dar anakuuzia kitu ambacho sisi hatukuwa nacho hata kikosini. Mbwa wa polisi hafundishwi peke yake kisha akakabidhiwa askari asiyemjua. Askari na mbwa wake wanasoma kozi pamoja, wanakula jua pamoja. Askari akihamishwa, atakayempokea mbwa yule anaanza naye kuzoeana upya, na hapo tunazungumzia mbwa aliyeiva. Sasa wewe mbwa wako akajifunze "kaa" kwa mwanamume mwenye sauti nzito kwenye uwanja wenye uzio huko Dar, halafu umshushe Sahare kwa mama mwenye sauti laini, watoto wanapiga kelele na muuza samaki yuko getini. Atakaa siku mbili tatu, kisha atawapima. Akiona hakuna anayejua lile alilofundishwa, ameliacha.

Kijana wa nyumbani kukutaka uwepo na familia yako, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mbwa wa miezi mitatu anashika jambo haraka sana. Wanaochelewa ni watu wa nyumba: baba anasema "shuka", mama "toka", mtoto anacheka na kumkumbatia palepale anaporuka. Mbwa amtii nani?

La pili, hilo la kung'ata kwa amri. Mtoto wa umri huo bado ana meno ya utoto. Ya ukubwani huanza kutoka kwenye mwezi wa nne hivi, na hukamilika akikaribia wa saba. Anayekuahidi mbwa mshambuliaji kwa mtoto wa namna hiyo ama hajui mbwa, ama anajua kuwa wewe hujui. Na hata kwa mbwa mkubwa, mwalimu wa kweli anajenga utii kwanza na kuachia kwanza, kung'ata ni mwisho kabisa, tena kwa mbwa wachache wenye kichwa kilichotulia.

Halafu jiulize, unataka ang'ate nani Sahare? Mbwa anayebweka geti likiguswa na kunyamaza ukimwambia basi, huyo anakutosha. Mwizi akiwa ukutani usiku haulizi mbwa ana cheti gani.

---

Kisiki cha Mkonge

Mnamdekeza huyo mnyama. Mbwa asili yake ni mbwa mwitu, anamfuata dume kiongozi. Akikurukia mlaze chali, mshike koo mpaka atulie, ajue nani bwana wa nyumba. Babu yangu Muheza alikuwa na mbwa wa kuwinda nguruwe, fimbo moja tu na wote walinyooka. Elfu ishirini kila akija ya nini? Henzirani zimejaa sokoni.

---

Bwana Mifugo wa Zamu

Mzee Kisiki, shikamoo. Hilo la dume kiongozi lina historia yake. Mwaka 1947 mtafiti Rudolph Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama huko Uswisi. Wanyama wageni kwa wageni, eneo dogo, wakagombana, ikaonekana ndivyo walivyo. David Mech wa Marekani naye akalisambaza miaka ya 1970, kisha baada ya kukaa nao porini akalikana mwenyewe kwa maandishi mwaka 1999: huko porini kundi ni baba, mama na watoto wao. Hakuna anayemlaza mwenzake chali kila asubuhi. Na mbwa wako anajua fika kwamba wewe si mbwa.

Kama daktari ninayeshonea watu mbwa wao, hofu yangu ni nyingine. Mbwa ananguruma kwa sababu anaogopa au anaumwa. Ukimpiga kila akinguruma, woga unabaki palepale na mngurumo unaondoka. Siku atakapochoka atang'ata bila taarifa, na wenyewe mtaapa kuwa alikuwa mpole.

Mleta uzi, kuna jambo limepitwa. Mtoto wa miezi mitatu hajamaliza chanjo zake. Za parvo na distempa, magonjwa yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane, zinarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike kama wiki kumi na sita. Kambi ina mbwa wengi kutoka kila mahali, na parvo hukaa ardhini miezi mingi. Ukimpeleka sasa, unaweza kurudishiwa habari tu. Ya kichaa cha mbwa apigwe akitimiza miezi mitatu, kisha irudiwe kwa ratiba, kadi uitunze.

Lakini msimfungie ndani kwa kuogopa maradhi. Dirisha la kuizoea dunia linafunguka wiki ya tatu na kuanza kufunga kwenye ya kumi na mbili hadi kumi na nne. Alichokutana nacho humo kwa amani, ukubwani hakimbabaishi. Mbebe mikononi au kwenye kapu la baiskeli, akae mbali kidogo, aone bodaboda, wazee wenye bakora, kina mama wa baibui, miavuli, mikokoteni, adhana ikilia karibu. Kila kimoja kikipita, apate kipande cha nyama. Asishushwe chini wanapozurura mbwa usiowajua. Ukisubiri mwezi na nusu wa kambi, dirisha limefungwa na hujui aliyazoea yapi huko.

---

Mluguru wa Mjini

Mzee Kisiki akipata nauli aje Morogoro, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, awaone panya buku wa shirika la APOPO. Wanafunzwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa TB. Mwalimu ana kidude kinalia "tak". Panya akipatia kinalia, hapo hapo anapewa ndizi au karanga. Akikosea hapati kitu, basi, anajaribu tena. Panya mmoja aliyefunzwa hapo, Magawa, alikwenda kutafuta mabomu Kamboja, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu.

Panya umpige fimbo halafu umtume uwanja wa mabomu? Kwa mbwa njia ni hiyo hiyo, na kidude si lazima, ulimi unatosha kutoa "tak".

---

Kisiki cha Mkonge

Panya ni panya. Ila hiyo ya Magawa nilikuwa siijui, ahsante.

Babu alikuwa anawarushia maini pia, niseme ukweli. Fimbo ndiyo tuliyokuwa tunaiona sisi watoto.

---

Kahawa Chungu

Hahaha mzee kageuka bila hata kupiga indiketa.

---

Bint Makorora

Assalaam alaykum. Kaka Mvuvi, dini yako siijui, lakini majirani zako wa Sahare nawajua.

Wengi wetu huku pwani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na nguo au mwili ukiguswa naye kukiwa na unyevu unaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sasa chukua mtoto anakwenda madrasa saa tisa, kavaa kanzu nyeupe, mbwa wako kamrukia na kumramba mkono. Mtoto kachelewa, ustadhi kakasirika, mama ana udongo na ndoo. Wiki ya pili hawaji kukuambia wewe, wanakwenda kwa mjumbe. Kwa hiyo somo la kwanza la kumlipia mwalimu Tanga ni mbwa asimguse mtu asiyeitwa. Hayo ya kutoa mkono na kujigeuza yatakuja baadaye kama mnayataka.

Na wanaosema mbwa hafugwi kabisa, wasome vizuri. Suratul Maida aya ya 4 imewataja wanyama wa kuwinda mliowafunza, na walichokukamatieni mle, mkitaja jina la Mwenyezi Mungu. Hadithi zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wapo wanazuoni wa Shafi waliomkisia humo mbwa wa kulinda nyumba. Kufunzwa kwenyewe kumetajwa, tusione kuwa ni mambo ya wazungu.

Jingine: dada wa kazi umemuuliza? Kama ni Muislamu usimshikishe mbwa kwa nguvu kwa kuwa mwalimu kasema wote washiriki. Mwalimu mwerevu atampa kazi ya sauti: aseme neno, amtupie chakula mbali, asiguse. Kavu kwa kavu najisi haihami, lakini mtu ana moyo wake, na mbwa huhisi anayemwogopa.

---

Mvuvi wa Nchi Kavu

Dada Bint Makorora ahsante sana. Mimi ni Msambaa, Mkristo. Dada wa kazi ni wa Pangani, Muislamu. Nitamuuliza leo leo kabla sijampigia mwalimu.

Afande, nimekuelewa. Daktari, kadi ipo, chanjo ya pili iko wiki ijayo.

Swali: nimeona mtandaoni kola ya umeme, rimoti unashika mwenyewe. Inafaa kwa hili la baiskeli?

---

Bwana Mifugo wa Zamu

Hapana. Baiskeli inapita, shingo inachomwa, mbwa anajifunza kuwa baiskeli zinauma. Hapo ulikuwa na mchezo, sasa una uadui. Wales waliipiga marufuku tangu 2010. Na sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kumtesa mnyama ni kosa hata kama unaita mafunzo.

---

Jirani wa Raskazone

Naandika kama niliyewahi kupeleka mbwa kambini. Jina la kambi sitalitaja, mambo yalishaisha. Jike langu lilikwenda linacheza, likarudi limekonda, mkia tumboni. Ukiinua mkono kuchukua kikombe linajikojolea. Kukaa linakaa, tena haraka, na video walizokuwa wananitumia ndizo hizo za kukaa haraka. Sikuwahi kuomba kuona siku nzima ilivyo. Kumrudisha katika hali yake kulichukua muda mrefu kuliko kambi yenyewe, na aliyenisaidia ni mwalimu wa kuja nyumbani.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, nenda ukamtazame akifundisha mbwa wa mtu mwingine. Usimtazame yeye, mtazame mbwa. Mkia uko wapi, masikio yako wapi, anamfuata mwalimu kwa hiari au anavutwa? Mwalimu akiingia mbwa anafurahi au anatafuta uvungu? Muulize mbwa akipatia unamfanyaje, akikosea unamfanyaje. Akijibu la pili kwa mnyororo wa kubana shingo, mshukuru, ondoka. Akikataa usione anavyofundisha eti ni siri ya kazi, ondoka bila kushukuru.

Na anayekupa uhakika wa asilimia mia mogope. Mbwa ni kiumbe, hakuna anayeweza kukuandikia hivyo. Hata Marekani serikali haitoi leseni ya kufundisha mbwa, yeyote anaweza kuamka akajiita mwalimu. Vipo vyeti vya hiari, baraza la huko la walimu wa mbwa, CCPDT, linatahini watu tangu 2001, lakini hapa Tanga ukisubiri mwenye cheti hicho mbwa wako atazeeka. Macho yako ndiyo cheti.

---

Mtu wa Pongwe

Bei ya elfu ishirini ni ya haki? Mimi naona ghali. Mara mbili kwa wiki, mwezi ni laki na sitini.

---

Afande Mstaafu

Linganisha na laki sita za kambi, halafu ongeza nauli ya kumfuata mbwa Dar. Kingine, huyu unamlipa akija. Asipokuja hulipi, usiporidhika unaacha. Wa kambi umeshampa nusu na mbwa yuko kwake.

Mvuvi mwambie apunguze safari ziwe moja kwa wiki, katikati mfanye nyumbani. Somo la mtoto wa mbwa ni dakika tano, mara kadhaa kwa siku, kabla ya kula akiwa na njaa kidogo. Saa nzima mfululizo hakuna anachoshika. Mwalimu anakuja kuangalia mlikopotoka na kuongeza hatua.

Zawadi msinunue za dukani. Dagaa wanatosha, ila hawa wetu wa pwani huchemshwa na chumvi, waloweke kwanza na kumwaga maji, kisha wakaushe. Maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi ni mazuri zaidi.

---

Mvuvi wa Nchi Kavu

Mrejesho wakuu.

Nilikwenda Chumbageni kumtazama yule kijana akifundisha mbwa wa mteja wake, koko tu, si wa mbegu. Sikusema nani kanituma. Mbwa alimwona getini akaanza kujinyonganyonga kwa furaha, kijana akamgeuzia mgongo mpaka miguu yote minne ilipogusa chini, ndipo akamsalimia. Fimbo hana. Ana kimkoba cha maini kiunoni.

Nikamleta nyumbani. Kabla hajamgusa mbwa alikaa barazani kutuhoji: analala wapi, nani anampa chakula, saa ngapi madrasa inatoka, nani kamkanya akaacha, kadi ya chanjo iko wapi. Mke wangu akaniangalia, maana nusu ya majibu alikuwa nayo yeye. Kisha tukaandika maneno kwenye karatasi na kuibandika jikoni: kaa, njoo, acha, chini. Mtu yeyote wa nyumba hii asiseme jingine.

Watoto amewafundisha wao kwanza. Mbwa akiwafuata wasikimbie, wasipige kelele, wasimame wima kama mnazi, mikono ubavuni, macho chini. Mbwa alizunguka, akanusa, akaona hakuna mchezo, akaondoka. Mtoto wangu wa mwisho aliona ni uchawi, kutwa nzima kasimama uani anajaribu.

Dada wa kazi alisema kugusa hagusi ila kusema atasema. Kijana hakubisha hata kidogo. Kampa kibakuli na kijiko kirefu, akae ng'ambo ya kizingiti, aseme "kaa", makalio yakigusa chini amtupie. Sasa hivi mbwa anamsikiliza yeye kuliko mimi, na hilo linaniuma kiasi.

Kwa madrasa tumepanga hivi: saa za watoto kupita mbwa yuko nyuma ya nyumba na mfupa wa kutafuna. Asubuhi ya siku ambayo watoto hawapiti, tunakaa naye getini kwa ndani. Baiskeli ikipita mbali, "tak", ini. Akitulia tunasogea. Maji yakipwa kijana anataka tushuke ufukweni na kamba ndefu kufanya "njoo", kwa kuwa pale hapana vichochoro vya kumkimbilia.

Wa Dar nimemwambia basi. Kanijibu mbwa wangu atakuwa "laini".

---

Bint Makorora

Mpe dada wa Pangani nyongeza ya mshahara, mwalimu msaidizi huyo.

---

Kahawa Chungu

Mfupa wa aina gani mkuu? Wa kupikwa au mbichi? Mbwa wa shemeji yangu aliwahi kukwamwa.

---

Bwana Mifugo wa Zamu

Uliopikwa hapana, unakatika vipande vyenye ncha, hasa wa kuku. Mbichi mkubwa wa goti la ng'ombe, na mtu awe karibu. Ukibaki kipande kinachoingia mdomoni chote, uondoe kwa kubadilishana na nyama. Usimnyang'anye, hapo ndipo watoto wa mbwa wanapojifunza kulinda chakula kwa meno.

---

Msafiri wa Kaole

Nimesoma uzi wote. Mimi niko Bagamoyo. Wangu ni mkubwa, ana miaka minne, ameanza kununia watu na juzi kamng'ata kijana wa kuleta maji. Kijana mwenu anaweza kuja huku?

---

Bwana Mifugo wa Zamu

Kaka, usianze na mwalimu. Kwanza kijana wa maji: kidonda kimeoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano? Kama hajafika hospitali aende leo, hata kama mbwa ana kadi, na hata kama kidonda ni kidogo. Akapewe ushauri wa sindano za kichaa. Mbwa mfungie peke yake, mtazamwe siku kumi, msimuue wala msimwachie.

Pili, mbwa mpole wa miaka minne akibadilika ghafla mara nyingi ana maumivu: jino, sikio, kiungo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo hapo wilayani akaguliwe. Akitoka mzima, ndipo utafute mwalimu, na umweleze tangu simu ya kwanza kuwa ameshang'ata mtu. Atakayesema hiyo ni kazi ya siku mbili mkwepe.

---

Msafiri wa Kaole

Kidonda kilioshwa kwa maji tu. Nampigia kijana sasa hivi twende hospitali.

---

Mvuvi wa Nchi Kavu

Namba ya mwalimu nimekutumia PM, mkuu. Bagamoyo anakuja Jumamosi moja moja, nauli juu yako.